Zamu Niliyoichukua kwa Ajili ya Makabati

Mimi ni mtu wa orodha. Darasani huandika ubaoni kila kitakachofanyika kabla ya kengele, na nyumbani mume wangu hunitania kwamba siku nikifa nitaacha orodha ya watakaolia na zamu zao. Kwa hiyo nilipoamua kutengeneza jiko letu, nilianza na daftari. Nilichukua daftari la hesabu lililobaki shuleni, lile la miraba, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa: BAJETI YA JIKO.

Jiko lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba tuliyojenga nje kidogo ya Kaplong. Lilikuwa na ukuta, dirisha, na basi. Sufuria zilining'inia kwenye misumari, sahani zilikaa ndani ya beseni chini ya meza, na unga niliufungia kwenye ndoo kwa sababu ya panya. Sikuwa nimeona ubaya wake mpaka siku niliyokwenda Kericho kufuatilia karatasi zangu za kazi. Njiani kurudi stejini nikapita mbele ya duka lililokuwa na jiko zima dirishani.

Yalikuwa makabati meupe ya kuunganisha mwenyewe. Yanakuja vipande vipande ndani ya maboksi, skrubu zikiwa kwenye kifuko cha plastiki, pamoja na karatasi ya picha inayokuonyesha kipande gani kinaingia wapi. Mwenye duka alikuwa ameunganisha seti moja ya maonyesho. Nilivuta droo moja ikafunguka bila kelele. Niliisukuma ikajifunga yenyewe, taratibu. Nilifanya hivyo mara nne, hadi msichana wa duka akaniuliza kama kuna kitu nimeangusha ndani. Bei ilikuwa ya ofa, imeandikwa kwa rangi nyekundu, na ofa ilikuwa inaisha mwisho wa Machi.

Jioni ile niliandika: makabati manne ya chini, matatu ya juu, sinki, bomba, usafiri. Fundi nilimwandika, nikamkata, nikamwandika tena, halafu nikamkata kabisa, nikaandika pembeni: tutafunga wenyewe. Bonasi ya majani chai, ile kiwanda hutulipa kila Oktoba, ilikuwa imekwisha kuliwa na karo, ikabaki sehemu ndogo niliyoificha mbali na macho yangu mwenyewe. Nikajumlisha kila nilichokuwa nacho. Pengo lililobaki chini ya ukurasa lilikuwa karibu sawa na kitu kimoja tu nilichokijua, nacho ni zamu ya kikundi.

Kikundi chetu ni cha akina mama kumi na wawili. Kilianza kwa kuchuniana majani: leo wote tunachuna kwako, kesho kwangu, mpaka tunazunguka. Baadaye tukaongeza kazi ya majiko. Kila mwezi mama mmoja anatengenezewa jiko lake. Kila mmoja analeta mchango, na kila mmoja anatoa siku moja ya mikono yake. Anayetaka kusiriba atasiribiwa, anayetaka mabati atawekewa, anayetaka vyombo atanunuliwa. Zamu tunaipata kwa kuokota karatasi kutoka kwenye sufuria kila Januari, na sheria ni kali: huruhusiwi kumwomba mwenzako namba yake. Tuliwahi kuruhusu, wakagombana mama wawili wakasusiana hadi kanisani. Sasa mwenye namba akitaka kuiachia, asimame mwenyewe kwenye mkutano, aseme sababu, na anayepokea anyamaze. Sheria hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu. Mimi ndiye katibu.

Januari ile niliokota namba kumi na moja. Namba tatu, yaani Machi, iliokotwa na mama mzee kuliko sisi sote, mjane aliyekaa peke yake upande wa chini wa kituo cha majani. Sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, hata wale ambao hawakuwa na undugu naye. Jiko lake lilikuwa kijumba cha udongo kando ya nyumba, kimezeekea hapo. Mabati yake yalikuwa na kutu na matundu, na matundu aliyaziba kwa mifuko ya plastiki. Alipofungua karatasi yake na kusomewa kwamba ni tatu, alipiga makofi. Akashukuru kwa lugha yetu, "Kongoi! Kabla ya mvua!"

Nililisikia neno hilo la mvua. Sitaki kujidanganya kwamba sikulisikia.

Nilikwenda kwake Jumapili moja ya Februari, baada ya kanisa, nikiwa na sukari kilo mbili na mkate. Alinikaribisha ndani ya kile kijumba chake cha jiko, akapuliza moto, akanipa chai. Tukazungumza habari za majani, za ng'ombe wake, za binti yake mmoja aliyefanya kazi kiwandani upande wa Kericho. Mimi nilikuwa na daftari langu kwenye mkoba. Nikalitoa. Nikamwonyesha picha ya makabati niliyopewa dukani.

"Hii ni nyumba ya mzungu," akasema akicheka.

"Ni jiko langu, Kogo. Kama nitapata."

Nikamweleza ofa. Nikamweleza kwamba Novemba bei itakuwa imerudi juu na sitaweza tena. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua, kama ninavyoeleza kugawanya kwa desimali. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Halafu akauliza swali moja tu.

"Sasa wewe unataka hii namba yangu?"

"Sheria hainiruhusu kuiomba, Kogo."

"Lakini unaitaka."

"Naitaka."

Akanywa chai yake. "Ara, haya, chukua. Kwani hii jikoni yangu inaenda wapi? Imekaa hapa tangu niolewe."

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kosa la tamaa tu, na la tamaa mtu anaweza kuliungama. Lakini mimi ni mtu wa kupanga. Nilijua akina mama watauliza sababu, na Kogo hakuwa na sababu. Nikamtafutia. Nikamwambia, "Utasema binti yako ameahidi kukuletea mabati mwisho wa mwaka, kwa hiyo unaona afadhali jiko lako lingoje Novemba, mjenge mara moja." Nilimfundisha maneno hayo pale pale, mara mbili, na yeye akayarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliporudia mara ya pili alisita kidogo kwenye neno "ameahidi." Mimi nikaona amesahau, nikamkumbusha.

Mkutano wa Machi ulifanyika sebuleni kwa mwenyekiti. Tuliomba kwanza, kama kawaida, tukiwa tumesimama. Baada ya amina Kogo hakukaa. Akasema anaachia namba yake hadi Novemba, kwamba binti yake ameahidi mabati, na kwamba namba yake ya Machi apewe mwalimu. Alisema bila kuniangalia. Mwenyekiti, mama mkali lakini wa haki, akamuuliza, "Kogo, hakuna mtu amekusukuma?" Akajibu, "Nani anaweza kunisukuma mimi?" Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari la kumbukumbu, naandika. Hati yangu siku ile ni nzuri kabisa. Nimeitazama mara nyingi tangu hapo.

Maboksi yalifika wiki ya mwisho ya Machi, yamefungwa kwa utepe wa njano. Siku ya mikono, akina mama walijaa jikoni kwangu. Hakuna siku iliyonifurahisha kama ile, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Tulitandaza vipande sakafuni hadi sebuleni. Mimi na shahada yangu ya ualimu nilifunga mlango wa kwanza juu chini. Kogo hakujua kusoma, lakini zile picha alizielewa kuliko sisi wote. Alikaa sakafuni na miguu ameinyoosha, karatasi mapajani, akitoa amri: "Hapana, hii ni mgongo. Lete ile yenye matundu mawili." Vidole vyake vilivyochuma majani miaka arobaini vilizishika skrubu zile ndogo bila kuangusha hata moja. Ilipofika saa kumi tulikuwa tumesimamisha makabati sita. Kogo alivuta droo, akaisukuma, ikajifunga yenyewe. Akaruka nyuma, wote wakaangua kicheko.

La saba halikuingia. Nilikuwa nimepima ukuta kwa futi ya ushonaji, nikasahau fremu ya mlango, likazidi upana wa vidole vinne. Lile kabati lilibaki ndani ya boksi chini ya kitanda chetu. Mume wangu akasema nimrudishie mwenye duka. Mimi nikapata wazo ambalo nililiona jema: nitampa Kogo. Nililibeba mwenyewe kwa toroli hadi kwake, nikaliunganisha pembeni mwa jiko lake la udongo. Jeupe, linang'aa, lina mlango mmoja. Alishukuru mpaka akaniaibisha. Niliporudi nyumbani nililala vizuri, kama mtu aliyelipa.

Mvua ya Aprili ilikuja na mawe. Kwetu mawe si habari mpya. Tunajua yakipiga majani ya chai ni hasara ya wiki mbili tatu, na siku ile nilikimbilia dirishani kuangalia mashina yangu tu. Makabati yangu yalikuwa makavu. Niliwaza, nakumbuka kabisa, kwamba nashukuru Mungu nilimaliza jiko kabla ya mvua.

Kesho yake, mvua ikiwa bado inanyesha, nikiwa njiani kupeleka majani kituoni nilipita kwa Kogo. Mabati yale ya zamani yalikuwa yametoboka kama chujio, na ukuta wa upande wa mvua ulikuwa umelala chini wote. Yeye alikuwa ndani, anapika. Alikuwa amevaa ile aproni ya plastiki tunayovaa tukichuna majani kwenye umande, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, na kwa mkono mmoja ameshika mwavuli juu ya sufuria. Kabati langu jeupe lilikuwa limefura. Mbao zile si mbao, ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na maji yalipoingia zilivimba na kupasuka. Mlango ulikuwa hauwezi kufungika. Unga wake wa ugali ulikuwa ndani, umelowa.

"Kogo, hamia jikoni kwangu," nikasema. "Upike kwangu."

"Nitembee mpaka kwako kwa chai ya asubuhi? Wacha, mwalimu. Novemba si iko karibu?"

Ilikuwa Aprili.

Akina mama walipoona, walimjia juu. Hawakunijia mimi, walimjia yeye. Kwenye mkutano wa Mei mwenyekiti alisema kwa uchungu, "Kogo, sisi tulikuwa tayari Machi. Wewe mwenyewe ulisimama hapa ukasema ngoja." Mwingine akaongeza, "Na huyo msichana wako wa mabati? Yuko wapi? Anakula mshahara kule Kericho na mama yake ananyeshewa!" Wengine wakaguna. Kogo alicheka kidogo, akasema, "Atakuja, atakuja." Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Nilisema, "Labda tumwekee turubai kwa sasa." Hayo ndiyo maneno yangu yote siku ile. Turubai liliwekwa, upepo ukaling'oa ndani ya wiki moja.

Nilijaribu kuhesabu ningeweza kufanya nini. Nilifungua daftari la miraba, nikaandika ukurasa mpya, nikatafuta mabati ya Kogo ndani ya mshahara wangu. Kila mwezi ilitokea kitu: sare, dawa ya ng'ombe, mchango wa harusi. Ukweli ni kwamba ningeweza. Ningeuza seti ya juu ya makabati hata kwa hasara. Hilo nililiandika pia kwenye orodha, kisha nikalikata, kama nilivyomkata fundi.

Juni Kogo alianza kukohoa. Nilimsikia kanisani, nyuma yangu, kikohozi kirefu kilichofuata kila wimbo. Alilazwa hospitalini pale Kaplong siku tisa kwa nimonia. Nilikwenda kumwona na maziwa lala na ndizi. Binti yake alikuwa kando ya kitanda, mwanamke mwembamba wa umri wa miaka thelathini hivi, bado na sare ya kiwanda chini ya sweta. Nilikuwa sijawahi kukutana naye. Alinisalimia kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye mwalimu," akasema. "Mama anakusifu sana. Anasema ulimpa kabati."

Sikupata pa kuangalia. Kogo alikuwa macho, ananitazama, wala hakuonekana kukasirika. Alikuwa ananitazama kama anayenihurumia. Hapo ndipo nilipojua kwamba kosa langu lilikuwa kubwa kuliko jiko. Nikaaga haraka, nikasema nina karatasi za kusahihisha.

Binti alimchukua mama yake, wakaenda kukaa Kericho, kwenye chumba kimoja cha wafanyakazi pamoja na watoto wake watatu. Nyumba ya Kogo ikafungwa. Kila nilipopita na gunia la majani niliona lile jiko lililoinama, na ndani yake weupe wa kabati langu lililopasuka. Nilianza kupita njia ya juu, ingawa ni ndefu na ina matope.

Novemba ikafika. Zamu ilikuwa ya Kogo, na kikundi kilikubaliana kumjengea jiko jipya la ukuta wa mbao na meko ya bomba la moshi, ili arudi kwake. Wiki nzima kabla ya siku hiyo nilijiambia kwamba nitasema. Niliandika hata maneno ya kusema. Nitasimama baada ya maombi, nitawaambia kwamba namba niliiomba mimi, na kwamba ahadi ya mabati niliitunga mimi, binti hakuahidi kitu. Niliyakariri nikisukuma droo zangu zisizopiga kelele.

Siku yenyewe asubuhi tulikuwa tumekusanyika uani kwa Kogo, tukiwa na majembe, misumari na sufuria za chakula. Kogo alikuwa amefika jana yake, amekonda, amejifunga shuka mbili. Lori dogo likasimama barabarani. Binti yake akashuka mbele. Nyuma kulikuwa na mabati mapya, yamefungwa kwa waya, yanameta hata bila jua.

Akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akamkumbatia. "Tulikusema vibaya," akamwambia, "tusamehe. Umeleta, kama ulivyoahidi." Binti akacheka kwa aibu, macho yake mekundu ya mtu asiyelala. Nilimsogelea kumsaidia kufungua waya. Tulikuwa wawili tu kando ya lori.

"Umeyapata wapi yote haya?" nikamuuliza.

"Tangu Agosti nafanya shifti mbili, mwalimu. Nilisikia vile walikuwa wanasema hapa." Akavuta waya. "Ukweli, mimi sikumbuki kuahidi. Nilimuuliza mama, akaniambia tu, 'Wacha hiyo maneno.' Basi nikajua niliahidi nikasahau. Mama hawezi kusimama mbele ya watu wametoka kuomba, aseme kitu hakiko."

Nikageuka. Kogo alikuwa amesimama hatua chache nyuma yetu, amesikia yote. Nikafungua mdomo. Nilikuwa karibu kusema, naapa nilikuwa karibu. Yeye akanishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta pembeni, vidole vyake vina nguvu bado.

"Nyamaza," akasema polepole. "Ulitaka namba nikakupa. Sasa usininyang'anye na huyu. Akijua nilisema uongo, nitakaa naye vipi?"

"Kogo, lakini amefanya kazi miezi…"

"Najua kazi amefanya. Mimi nalala kwake. Wewe nyamaza."

Tukasimama kwa maombi. Mwenyekiti alishukuru kwa ajili ya binti mwaminifu. Nilifumba macho nikasikia sauti yangu ikisema amina pamoja na wengine. Kisha nikaketi kwenye kigoda na daftari la kumbukumbu mapajani, maana kazi haianzi kabla sijaandika nani ameleta nini. Binti wa Kogo akaja akachuchumaa karibu nami, kwa heshima, kama wazazi wanavyokuja shuleni.

"Mwalimu," akasema chini chini, "naomba hiyo ya mabati uandike vizuri. Kwamba niliahidi na nimeleta. Ili wasimseme mama tena."

Nikamuuliza ni mangapi.

"Kumi na mbili," akasema. "Yale mazito."

Nikaandika: mabati kumi na mawili, mazito, yameletwa na binti yake kama alivyoahidi. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea.